Kitufe cha Tatu cha Luhende

Kabla ya kila wimbo Luhende alikuwa na desturi yake. Wanakwaya wakishasimama, pumzi zimejaa vifuani na mwalimu ameinua mkono, yeye aliinamia gitaa lake la besi, akafumba macho, akazungusha kitufe cha tatu kidogo kulia, kidogo kushoto, kisha akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo wimbo ulipoanza. Hakuna aliyethubutu kumtangulia, hata Mwalimu Rutashobya mwenyewe, mtu ambaye kwa kawaida hamsubiri binadamu wala mvua.

Gitaa lenyewe lilikuwa la mtumba. Kwaya ililipata kutoka kwa bendi moja iliyovunjika, likaja na mikwaruzo yake, bila karatasi hata moja ya maelezo. Maandishi ya kwenye vitufe vyote vitatu yalikuwa yamefutika kwa jasho la watu wasiojulikana. Luhende alivizungusha wiki nzima, akapata mlio alioupenda, akavibandika viwili vya kwanza plasta ya hospitali ili visisogee. Cha tatu alikiacha huru. Alimwambia mkewe, Selina, kwamba hicho ndicho chenye siri yote.

Luhende amekufa mwaka wa pili huu. Selina ni fundi cherehani pale Nyegezi, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, anayeshona sare za shule na magauni ya kwaya. Mumewe alipoanza kuugua na vidole kufa ganzi, alimfundisha besi akiwa kitandani: yeye anaimba mstari wake kwa sauti ya chini, Selina anautafuta kwenye nyuzi. Baada ya maziko, kwaya iliona haya kumnyang'anya mjane kitu kilichokuwa bado na harufu ya mikono ya mumewe, kwa hiyo gitaa likabaki kwake. Kila jioni akifunga duka alilipiga kavu kavu, bila spika, mpaka ngozi ya vidole ikakomaa. Tuseme ukweli, ndiyo ilikuwa namna yake ya kuzungumza na marehemu.

Lakini cha kanisa ni cha kanisa. Mtaa mpya wa kanisa ulifunguliwa kule Magu, kwaya yao haikuwa na besi, na kamati ikaona si vizuri chombo kikae ndani ya nyumba ya mtu. Mwalimu Rutashobya alikuja mwenyewe kumwambia, na mkungu wa ndizi begani, maana Mhaya haendi kutoa habari ngumu mikono mitupu. Selina alimwamkia, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba besi anaijua na angependa kuipigia kwaya. Mzee alivitazama vidole vyake vilivyokomaa. Alisema sawa, aje mazoezini Alhamisi. Likilia vizuri litabaki, na lisipolia, Jumatatu litapanda gari.

Alhamisi ilikuwa aibu tupu. Tangu Luhende afe, kwaya ilikuwa imehamia kwenye kanisa jipya lenye paa la juu na spika kubwa. Selina alipochomeka waya tu, ukatoka mvumo mzito kama wa mashine ya kusaga, na kila noti aliyoipiga ilizama humo humo. Waimbaji wakaangalia sakafu. Mmoja alisema labda vile vitufe vilivyobandikwa ndivyo vyenye matatizo, na Selina, kabla mtu hajasogea, akavifunika kwa kiganja. Plasta ile aliibandika Luhende kwa mkono wake. Wenzake walimuunga mkono kwa minong'ono, kwamba alichokiweka marehemu hakitikiswi.

"Mama Precious," Mwalimu alimwambia Selina taratibu, akimwita kwa jina la bintiye, "Jumapili nitakupa wimbo mmoja. Likinguruma hivi, Jumatatu liende Magu, na usinichukie."

Ijumaa asubuhi Selina alikuwa dukani na moyo mzito. Alikuwa akishona kaptula za kaki, akazimaliza, akachukua gauni la satini la bibi harusi mmoja. Mkono wake, wenyewe bila kuagizwa, ukaenda kwenye kile kigurudumu cha cherehani kinachokaza na kulegeza uzi, ukakilegeza. Hapo akasimamisha kazi. Miaka ishirini amekizungusha kigurudumu hicho bila kufikiri. Kaki ina mkazo wake na satini ina wake. Mama aliyemfundisha ushonaji alimwachia cherehani hicho kikiwa kimekazwa kwa kaki, naye alimpenda mama yule kama mzazi. Je, angekibandika plasta kwa heshima? Kila bibi harusi wa Nyegezi angeolewa na gauni lililojikunyata. Luhende alitafuta mlio wa kanisa lile la zamani, lenye paa la chini na spika ndogo iliyochoka. Kitambaa kilikuwa kimebadilika, na wao wameng'ang'ania mkazo ule ule.

Alifunga duka, akalifunga gitaa kwenye khanga, akaenda Buzuruga kwa Malimi, fundi wa redio na vipaza sauti.

"Mwangaluka, mayu," Malimi alimsalimu Kisukuma, akimwita mama, akasogeza kiti. Alipoziona plasta alinyoosha mkono azibandue. Selina akamzuia, akasema atazitoa mwenyewe. Alizitoa polepole, ya kwanza na ya pili, na alilia. Malimi, mtu mwenye adabu, akajifanya anatafuta bisibisi.

Kisha akamwelekeza. Chini ya nyuzi kuna sumaku mbili, moja karibu na shingo ya gitaa na nyingine nyuma karibu na mkia. Ya shingoni sauti yake nene na laini, ya nyuma kavu na safi. Kitufe cha kwanza kinaifungulia sauti ya shingoni, cha pili ya nyuma. Luhende alikuwa ameifungulia ya shingoni yote na kuifunga kabisa ile ya nyuma.

"Moja ikiwa peke yake inaokota kila uchafu wa umeme, na spika kubwa huutoa wote nje," Malimi alisema. "Zifungulie zote mbili sawasawa, uchafu wa hii unauawa na wa ile."

Selina alizungusha kitufe cha pili mpaka kikalingana na cha kwanza, na mvumo ukapungua, ukapungua, ukakatika. Alipiga uzi mmoja. Ulisikika kama alivyozoea kuusikia kichwani mwake tu.

Akauliza kuhusu cha tatu. Malimi alisema hicho kwa kawaida hung'arisha sauti au kuifanya iwe nzito. Akakizungusha huku akipiga uzi, na sauti haikubadilika. Akafungua kifuniko cha nyuma, akamulika kwa tochi ya simu. Waya wa kitufe cha tatu ulikuwa umekatika, ncha yake imeota kutu, na buibui alikuwa ameshajenga hapo.

"Hiki hakifanyi kazi siku nyingi, mayu. Nadhani mlikinunua hivi hivi."

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, lakini Selina alilala ndani ya hii na bado hakuijua. Aliona aibu kwa niaba ya mumewe. Watu arobaini, miaka sita, kila Jumapili, wamezuia pumzi kusubiri kitufe kisichoshikana na kitu chochote. Kisha hasira ikampanda, na laiti marehemu angekuwa karibu angemchapa kwa rula ya kukatia nguo. Halafu kicheko kikamtoka, kikamshinda, mpaka Malimi naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kilipoisha, alikumbuka mikono ya Luhende. Alikuwa mtu wa haya sana, aliyeloa jasho hata akiambiwa asalimie ugeni. Mikono yake ilitetemeka kabla ya kila wimbo, na baada ya kuzungusha kitufe kile ilitulia.

Malimi alikuwa ameshapasha moto chuma chake cha kulehemia. "Niunge? Dakika tano tu."

"Kiache," Selina alisema. "Funga hivyo hivyo."

Jumapili kanisa lilijaa. Selina alisimama pale aliposimama mumewe, vitufe viwili vimefunguliwa sawasawa, na spika zile kubwa zilikuwa kimya kabisa. Tatizo lilikuwa mikono yake. Ilitetemeka mpaka pete ikagonga gitaa. Mwalimu Rutashobya akainua mkono, pumzi zikajaa vifuani. Selina aliinama, akafumba macho, akazungusha kitufe cha tatu kidogo kulia, kidogo kushoto. Mikono ikatulia. Alipofumbua macho, mkono wa Mwalimu ulikuwa bado hewani. Mzee alikuwa anamsubiri. Selina akaitikia kwa kichwa, na besi ikaingia.

Baada ya ibada Mwalimu aliwaambia wanakamati kwamba Magu watatafutiwa jingine, akaja polepole mpaka pale Selina alipokuwa akikunja waya.

"Hicho kitufe cha tatu, Mama Precious," aliuliza kwa sauti ya chini, "hasa kazi yake ni nini?"

"Luhende alisema ndicho chenye siri yote, Mwalimu," Selina alijibu, akaendelea kukunja waya.