Kibii na Matawi ya Leleshwa

Ilitangazwa rasmi mjini Nakuru, chini ya tenti nyeupe, kwamba kosa la binadamu limefika mwisho wake katika barabara kuu. Malori yanayojiendesha yangebeba mabomba ya mvuke kwenda Olkaria, kwenye mitambo ya umeme. Hayasinzii, hayalewi, hayapigi simu, na yanatambua kila alama inayojulikana kisheria. Waliohudhuria walipiga makofi, wakanywa soda, wakarudi makwao kwa magari yanayoendeshwa na binadamu.

Kibii hakualikwa. Yeye ni fundi wa malori, na ofisi yake ni popote lori litakapokata tamaa kati ya Mbaruk na Gilgil. Dereva humpigia simu, naye huja na sanduku la spana, akalala chali chini ya gari, miguu ikibaki nje upande wa lami. Mkewe, Jerotich, huwaambia wageni kwamba ameolewa na viatu.

Kilichomlinda miaka yote ni leleshwa, kichaka kinachoota kando ya barabara hii. Kabla ya kugusa nati yoyote huvunja matawi na kuyatandaza barabarani nyuma ya lori, machache mbali, mengi karibu. Kila dereva wa bonde hili huyaelewa: mwenzetu amekwama mbele, punguza mwendo. Ila Kibii ana kasoro moja, nayo ni ya mafundi wote wa barabara hii. Lori likishaondoka, matawi hayaokotwi. Nani aokote? Jua litayakausha, magurudumu yatayasaga. Dereva mwenye macho hutofautisha mabichi na makavu.

Adhuhuri moja huko Kikopey, akila mbavu za kuchoma, alijikuta meza moja na Sue, dada aliyeajiriwa kukaa ndani ya lori jipya na kutogusa chochote. Kibii alimtania kwamba kazi ya namna hiyo alidhani ni ya wabunge peke yao. Kisha, kwa adabu tu, akauliza kama hiyo mashine inasumbua.

"Mwanzoni ilisumbua, boss. Ikiona tawi, breki. Ikiona tawi, breki. Huku nyuma watu wanatutusi. Sasa imezoea."

"Imezoea aje?"

"Imejua ni takataka. Inapita juu."

Kibii aliurudisha ubavu sahanini. Aliuliza ni nani aliyeifunza hivyo.

"Hakuna mtu. Ni hii barabara. Kila siku inakuta matawi, na mbele hakuna kitu."

Lori lililokwama mashine ingeliona, Sue aliendelea kumtuliza, mradi lisiwe nyuma ya kona. Nyuma ya kona ingeliona pia, ila kwa kuchelewa, na yale mabomba hayasimami haraka. Kisha akaomba chumvi.

Jioni Kibii alimsimulia mkewe. Jerotich hakubishana. Kesho yake alirudi kutoka mjini na pembetatu nyekundu inayong'aa, ile madereva huiita laifseva, akamwapisha mumewe kwamba bila hiyo haingii chini ya gari.

"Majani yako ni ya watu," alimwambia. "Hii ni ya sheria."

Wiki ile ile lori la viazi la mzee Gedion lilivunjika ekseli, nyuma tu ya kona, pasipo na nafasi ya kulisukuma pembeni. Kibii alirudi nyuma hadi kabla ya kona, akaisimamisha pembetatu yake, akaigeuza mpaka ikakaa sawa. Aliporudi alimkuta Gedion amebeba leleshwa fungu zima.

"Wacha hayo, mzee. Ukiyaweka, hiyo mashine itasema barabara ni safi."

Gedion alimcheka. Fundi siku hizi amekuwa mzungu, alisema, kesho ataomba chai kabla ya kazi. Hata hivyo aliyatupa matawi mtaroni, akapanda kilima kidogo panapoonekana kona nzima, akaketi juu ya jiwe na gazeti lake. Kibii akalala chali, akajivuta chini ya lori. Huko Nakuru, lori la mabomba la siku hiyo lilikuwa limeshaondoka.

Mwendesha pikipiki mmoja alifika kabla ya kona, akasimama. Aliiokota pembetatu, akaipangusa vumbi, akaifunga vizuri nyuma ya kiti. Alipomwona Gedion kule juu, aliinua mkono kumsalimu.

Gedion naye akainua wake. Alidhani ni mtu wa Kibii, anakwenda kuiweka mbali zaidi.