Bolti ya Bunduki Nyingine

Mkwe wangu alinunua bunduki kama watu wanavyonunua mitumba, kwa macho tu. Ilikuwa bunduki kuukuu ya jeshi, ya vita vya enzi za babu zetu, aina ambayo huku ughaibuni mwenye leseni anaruhusiwa kuwindia. Jumapili moja baada ya kanisa aliileta kwenye fleti yetu hapa Rexdale, akailaza kwenye meza ya kulia chakula, juu ya kitambaa changu cha meza, ili tuione. Kisha akashuka kuhamisha gari, maana alikuwa ameliegesha pasiporuhusiwa.

Niseme mimi ni nani, kwa sababu binti yangu hapendi kusema. Kabla ya kuja kufunga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, nilikuwa askari kule Tanzania, fundi wa silaha, miaka kumi na minane. Bunduki zilizorudi zimelowa na kujaa matope zilipita mikononi mwangu kabla ya kupewa askari mwingine. Binti yangu aliwaambia wakwe zake kwamba nilikuwa karani. Nilipomuuliza sababu, alisema karani inaeleweka haraka.

Basi nikafuta unga wa maandazi mikononi, nikaishika. Nikafungua bolti, kile chuma cha nyuma ya mtutu, nikatazama ndani, nikaingiza na kidole kuhakikisha hakuna risasi, maana tulifundishwa kutoyaamini macho peke yake. Nikaichomoa bolti, nikauelekeza mtutu dirishani penye mwanga, nikachungulia ndani yake. Kutu kidogo, si ya kutisha. Nikapapasa kitako, mbao haikuwa na ufa. Nilifurahi, sitaficha. Mikono ilikumbuka kila kitu, na hapakuwa na msimamizi wa zamu wa kuniharakisha. Halafu nikasoma namba.

Mwili wa bunduki ulikuwa na namba yake na bolti ilikuwa na yake, na hazikufanana. Bolti ile ilitoka kwenye bunduki nyingine, mtu akaichomeka humu ili apate kuuza. Bolti ndiyo inayoziba nyuma ya risasi inapolipuka. Isipokaa sawasawa, moto unamrudia aliyeweka shavu pale. Labda ingekaa, labda isingekaa. Kuna vipimo vya chuma vya kujua hilo, na sikuwa navyo. Jeshini ningeifungia kabatini siku hiyohiyo.

Nikasikia mlango. Nikaiacha bolti mezani, kando ya bunduki, nikavuta khanga kichwani, nikaelekea jikoni.

"Usiogope, mama," mkwe akaniambia kwa upole, "haina risasi."

Hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Kwetu mama mkwe habishani na mume wa binti yake. Hali naye meza moja, wala hamwambii kwamba kitu chake ameuziwa kibovu. Neno zito hupita kwa binti. Kwa miaka sita nilikuwa nimemwambia "karibu, baba" na "safari njema, baba", na mengine yote nikamtuma binti yangu.

Nikamwita binti yangu jikoni. "Mwambie mumeo asiipige hiyo bunduki. Bolti si yake. Aipeleke kwa fundi aipime kwanza."

"Mama, please. Aliyemuuzia ameshaiangalia. Ana furaha leo, usimharibie."

"Mwambie."

"Sawa, nitamwambia."

Kutoka nilipokuwa hadi mezani ni hatua tano. Ningeweza kwenda kuichukua ile bolti, nikaitia kwenye mfuko wa aproni, na aibu ingekuwa ya siku moja. Nikageuza maandazi. Nikamsikia mkwe akiirudisha bolti mahali pake.

Jumamosi iliyofuata niliitwa kwenye simu kazini, gundi ya maboksi bado mkononi. Mkwe alikwenda kuijaribu bunduki, akapiga risasi tatu salama. Ya nne ikamrudia. Jicho la kulia madaktari hawakuweza kuliokoa.

Hospitalini alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi niliambiwa tu kwamba hupendi bunduki ndani ya nyumba." Akanigeuzia jicho lililobaki. "Mbona hukuniambia mimi mwenyewe?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni heshima, baba. Lakini kulisema mbele ya ile bandeji niliona haya, nikatazama sakafu. Kwa wiki nzima nilimtukana binti yangu kwa maneno ambayo mama hamwambii mwanawe, naye akalia, na alistahili kulia. Lakini ile bolti niliishika mimi. Namba nilizisoma mimi.

Siku hizi mkwe na mimi tunakula meza moja. Sivuti tena khanga, wala simtumi mtu. Nikiona gurudumu la gari lake limepungua upepo, namwambia mwenyewe, na yeye hunishukuru kwa adabu ileile. Naketi kushoto kwake, upande anaoona.