Safari ya Kumwahi Mama Huko Nalasi

Mama yake rafiki yangu alifariki alfajiri huko Nalasi, kusini mwa Tunduru, na sisi tulikuwa Songea. Simu ya msiba ilimkuta kibarazani petu, pale ambapo yeye anashona nguo na mimi natengeneza simu, tumepakana miaka nenda rudi. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yameshaondoka. Sikumuuliza kitu. Nilifunga meza yangu, nikatoa pikipiki, nikamwambia, "Panda, kaka."

Kabla hatujaondoka mjomba wake alipiga tena. Walikuwa wamepanga kuzika baada ya sala ya adhuhuri, lakini kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kiume pekee, wangesogeza mpaka alasiri. Zaidi ya hapo, hapana. Kwao mtoto wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mama yake, akamlaza kwa mikono yake mwenyewe. Hicho tu ndicho alichokitaka siku ile, kumpokea mama yake.

Mimi ni Mngoni wa upande wa Peramiho, Mkatoliki, na kwetu marehemu anasubiri watu. Bibi yangu alikaa mochwari mpaka wajukuu wa Dar es Salaam wakatimia wote, na yule wa mwisho alishuka kwenye basi amevaa miwani ya jua kama anakwenda harusini, na bado tulikuwa tunamsubiri. Kwa hiyo tangu tunatoka Songea nilikuwa na neno moja tu kichwani: watasubiri. Watu gani hao wasiosubiri?

Mpaka Namtumbo tulikwenda vizuri. Siku nyingine rafiki yangu akikaa nyuma hanyamazi, atanisema ninavyokata kona, atalisema tumbo langu kwamba limelalia tangi la mafuta. Siku hiyo nilisikia tu midomo yake ikisoma dua karibu na sikio langu. Mvua ikatukuta mbele kidogo, ile ya kuchapa usoni mpaka huoni. Nikapunguza mwendo. Akanigonga begani. "Twende tu." Tukaenda. Niliogopa, sitaki kujidai hapa. Tairi zilikuwa zinateleza na mimi moyoni nasema, Mama Maria, leo isiwe misiba miwili.

Tunduru mjini tulijaza mafuta, hatukunywa hata chai, tukaiacha lami tukaingia barabara ya udongo. Mikorosho kulia, mikorosho kushoto, katikati matope. Fuso moja lilikuwa limenasa limeziba njia, tukashuka tukaisukuma pikipiki kwa pembeni, viatu vyote vikabaki na uzito wa tofali. Tukapanda tena. Hatukufika mbali, cheni ikakatika.

Lo, nilitukana! Niliitukana ile cheni, nikamtukana aliyeniuzia, nikaitukana mvua na wanaotengeneza barabara. Mtu mmoja aliyekuwa anapalilia shamba lake alitusogelea, akatupa pole, na aliposikia tunakwenda kuzika akabwaga jembe chini na kukimbia kijijini kututafutia kipande cha kuungia cheni. Sisi tukabaki. Jua likatoka, nikamwona rafiki yangu anaangalia kivuli cha pikipiki kinavyorefuka.

Alipotoa simu mfukoni nikamwahi. "Waambie wasubiri. Kidogo tu. Mama mzazi huyo, jamani!"

Alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Nilimsikia kila neno.

"Shikamoo mjomba. Tumekwama njiani. Pikipiki imeharibika." Akasikiliza. Nafikiri upande wa pili walikuwa wanamwambia watasogeza tena, maana alitikisa kichwa kana kwamba wanamwona. "Hapana, mjomba. Msinisubiri. Mzikeni mama."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. "Wewe bwana, una akili kweli? Tumeponea chupuchupu kwenye ile mvua, halafu unawaambia wazike?"

Alishuka kichuguu polepole. "Tangu alfajiri wamemlaza anasubiri," alisema. "Nimeshamchelewesha kwa ajili yangu. Kumshika nilikuwa nataka mimi, kaka. Yeye hahitaji. Yeye anahitaji apumzike."

Hasira haikuniisha, wala sitasema nilimwelewa. Nilichuchumaa kwenye matope nikaanza kulia, mimi, mtu mzima, namlilia mama wa mwenzangu. Yule mama kila msimu alikuwa ananitumia korosho alizobangua mwenyewe, zimefungwa kwenye kitambaa, na salamu juu yake: mpe mwenzio wa simu. Macho ya mwanawe yalikuwa makavu. Alikuwa anasafisha matope kwenye gurudumu kwa kijiti, taratibu, kana kwamba tuna siku nzima.

Yule mkulima alirudi anahema, kipande kimepatikana, tukaunga cheni pamoja. Akakataa asante yetu, akasema tuondoke. Kuanzia pale hakuna aliyenigonga begani. Adhana ya alasiri tuliisikia tukipita kijiji fulani, na nikahisi paji la uso la rafiki yangu likiegemea mgongo wangu. Likakaa pale pale mpaka Nalasi.

Tulipofika wanaume walikuwa wameshatoka makaburini, wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba, na wanawake wako ndani. Wakatupisha. Mjomba, kaka yake marehemu, alikuwa amekaa ameegemea ukuta, fimbo yake pembeni. Ni mzee anayeburuta mguu mmoja tangu alipougua. Suruali yake ilikuwa imekunjwa, na udongo mwekundu umemganda kuanzia nyayo mpaka magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Rafiki yangu aliitazama ile miguu. "Nani aliingia kumpokea?"

"Mimi. Vijana walinikatalia, wanasema mguu wako huo, mzee, utaanguka. Nikawaambia huyu ni mdogo wangu na mwanawe hayupo. Wakanishika makwapa wakanishusha."

Rafiki yangu alikwenda kwenye ndoo, akarudi na kopo la maji, akachuchumaa mbele ya mjomba wake na kuanza kumwosha miguu. Mzee alitaka kuuvuta mguu, aibu ilimshika mbele za watu, kisha akauacha. Maji yalishuka mekundu mpaka kwenye mkeka. Alimaliza mguu mmoja, akashika ule mbovu, na bila kuinua kichwa akauliza:

"Alikuwa mzito?"

"Hapana," mzee alisema. "Alikuwa mwepesi, mwanangu. Mwepesi kabisa."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, ameukumbatia ule mguu kwa mikono miwili, na kwenye ile mikeka yote hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.