Kobe wa Kona ya Mchanga

Mtaani walimwita Mama Kobe, na si kwa sababu ya mwendo wa pole. Mwanamke yule akitembea, hata mbwa walimpisha. Walimwita hivyo kwa ajili ya kazi yake, ambayo kumweleza mtu mwenye akili zake timamu ilikuwa taabu tupu. Kazi yenyewe ni hii: kabla watu wa ujenzi hawajaugusa mto, yeye huenda kuandika ulivyo. Kina chake, matope yake, joto la mchanga, majani ya ukingoni, na nani anaishi humo ndani, hasa kobe. Ili siku mto ukishaharibiwa, asitokee mtu wa kusema ulikuwa hivyo hivyo tangu zamani.

"Yaani unalipwa kuangalia maji," mumewe alimtania kila asubuhi, naye alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo. "Mimi nikikaa kuangalia kitambaa bila kukishona, nani atanipa hata chai?"

Safari hii ulikuwa unakuja ukuta wa kuzuia maji, na walitaka kuujenga kwenye kona ya mchanga, mahali pekee palipobaki ambapo kobe wa mto mwenye gamba laini angeweza kutaga. Kobe huyo alikuwa amepungua mpaka wengine wakasema amekwisha kabisa. Akipatikana hata mmoja pale konani, ukuta ungesogezwa. Asipopatikana, ripoti ingesema hayupo, na mchanga wote ungezolewa na matingatinga.

Mama Kobe alijua yupo. Alimwona mwaka uliotangulia, pua nyembamba imechomoza majini, ikavuta pumzi na kuzama. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, lakini wenzake walipogeuka maji yalikuwa yametulia. "Kijiti hicho," bosi wake alisema, na kijiti kikabaki kuwa kijiti. Tangu siku ile jambo hilo lilimkaa rohoni.

Basi akatega mitego. Ni mirefu, ya nyavu, yenye pete za chuma, na ndani huwekwa matumbo ya samaki. Kobe huingia kwa tamaa yake na kutoka hajui. Lakini kobe hupumua hewa kama mimi na wewe, kwa hiyo ndani ya kila mtego hufungwa dumu tupu, linyanyue sehemu ya wavu juu ya maji. Kanuni hiyo aliwafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake. "Mtego bila dumu ni jeneza," aliwaambia, na aliyesahau alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Shida ni kwamba dumu jeupe huonekana kutoka mbali. Wavuvi wa magendo waliona madumu yakielea, wakajisemea hapa pana samaki, wakaondoka na mtego mzima mzima. Waliiba mmoja, wakaiba mwingine, na ofisini wakamwambia vifaa vimekwisha na muda umekwisha. Mpaka ilipofika siku ya mwisho alikuwa amebakiwa na mtego mmoja, umeshonwashonwa na mumewe kwa uzi wa viatu. Maji yalimfika shingoni, jamani, na mtu aliyefikwa na maji shingoni hafikirii vizuri.

Mto ulikuwa umepungua sana siku hiyo. Aliuweka mtego pale pasipo na kina, pete za juu zikabaki nje ya maji bila msaada wa kitu chochote. Akasimama akiliangalia lile dumu. Akaangalia huku na huku. Kisha akalifungua, akalitia kwenye mfuko na kwenda nalo nyumbani. Mtego usingeonekana na mwizi, na hewa ilikuwepo tele. Alijiambia hivyo njia nzima.

Huku mjini halikudondoka hata tone. Kumbe mvua ilikuwa imeshuka milimani, na kulipopambazuka alikuta mto umejaa, wa rangi ya udongo, na pete za mtego hazionekani. Aliingia na nguo zake, maji kifuani, akapapasa mpaka akaishika kamba. Akavuta. Ulikuwa mzito.

Kobe alikuwa ndani, jike kubwa, gamba lake pana na laini kama ngozi iliyolowa. Shingo ilikuwa imenyooka kuelekea juu, pua imebanwa kwenye matundu ya wavu. Mama Kobe alimlaza kwenye mchanga, akamvuta miguu na kuirudisha, akamwinamisha maji yamtoke, akamwita "mama, mama" kama anayeamsha mtu. Hakuamka. Hapo ndipo alipokaa chini na kulia kwa sauti, wapita njia wakidhani kafiwa.

Alimpigia bosi. Hakuficha kitu, hata habari ya dumu.

"Yupo hapo? Una mwili wake?" bosi aliuliza.

"Nimemuua mimi, bosi. Nimekwambia nimemuua."

"Nimekusikia, na pole. Lakini kumbe yupo! Ukuta unasogezwa, Mama Kobe. Umeshinda."

"Nani atakaa hapo?" aliuliza. Bosi alikuwa ameshakata simu ili awapigie wengine.

Alipompapasa kobe karibu na miguu ya nyuma alihisi vitu vya mviringo. Akatoa kisu. Mayai yalikuwa yamekomaa, maganda meupe na magumu, na aliwahi kusikia kwamba mayai ya mama aliyekufa punde huweza kupona. Aliyapanga kwenye beseni la mchanga wa kona ile ile, akalibeba mpaka nyumbani bila kulitikisa, mikono ikimfa ganzi.

Mumewe alitazama beseni, akatazama uso wa mkewe. Cherehani yake ilitetemesha sakafu, kwa hiyo aliihamishia barazani, juani, akashonea huko siku zote zilizofuata. Mama Kobe alipima joto la mchanga asubuhi na jioni. Kule mtoni vigingi vya ukuta viling'olewa vikapelekwa mbali, na kona ikawekewa kibao cha kukataza watu kuingia. Alitega tena hapo, kwa madumu mawili mawili, wiki hadi wiki. Hakuingia kitu.

Muda wa kuanguliwa ulifika, ukapita. Harufu ilianza kidogo, kisha ikajaa jikoni, na mumewe akaivumilia kadiri alivyoweza.

"Yananuka, mke wangu," alisema hatimaye, taratibu.

"Najua."

"Nikayafukie mimi? Wewe kaa tu."

"Kesho," alisema Mama Kobe, akachukua kipimajoto chake na kukichomeka mchangani.

Kesho yake alipoulizwa, alisema hivyo hivyo.