Mbuzi wa Kwenye Kitabu Ana Mwenyewe

Jamani, leo kitabu cha watoto kimenishinda kusoma!

Nimekifuata mpaka Korogwe mjini. Kina picha za kuchekesha: bata wanaiba kofia ya mkulima, mbuzi anatafuna mahindi juu ya trekta.

Namsomea mwanangu, anacheka. Bibi yangu pembeni kanuna.

"Huyo mbuzi wa nani?"

"Bibi, hadithi tu hiyo."

"Mbuzi ana mwenyewe. Soma, ni wa nani?"

Haijaandikwa! Kila nikifungua ukurasa, swali ni lile lile. Mwisho nikamuuliza, kwa hasira kidogo, kwani mbuzi amemkosea nini?

Kumbe enzi za Ujamaa bibi alikuwa mlinzi wa shamba la kijiji, hapa hapa Sindeni. Akamkamata mbuzi kwenye mahindi, akamburuta hadi ofisini. Mwenyekiti akamwambia, "Mbuzi wa kijiji, mahindi ya kijiji. Nani amlipe nani?"

"Idi ilipofika," bibi akasema, "mbuzi wa kijiji akachinjwa uani kwa mwenyekiti."

Nikarudi kwenye kitabu. Mwanangu akaufunika ukurasa kwa mkono.

"Mama, usimcheke. Huyu wa mwenyekiti."

Nyie, nani ana kitabu cha samaki wasio na mwenyewe aniazime?