Gunia la Bibi na Ngozi za Yakobo

Mwezi uliopita nilikwenda Mkunya kumtembelea dada yangu. Nilimkuta uani ameinamia jamvi la korosho. Alichota konzi moja, akaitikisa karibu na sikio kusikiliza kama zimekauka. Basi rafiki yangu, mlio ule ulinirudisha kwa bibi, mwaka ule wa kwanza wanunuzi binafsi walipotuletea malori yao, baada ya miaka mingi ya kuuzia ushirika tu.

Ilikuwa Jumapili, msimu unakwisha. Kanisani mwalimu wetu alikuwa akitusimulia jinsi mama yake Yakobo alivyomvisha ngozi za mbuzi mikononi, ili baba yake kipofu akimpapasa adhani ni Esau, ampe baraka isiyo yake. Mara mvua ikapiga bati. Mwalimu akapaza sauti, sisi tukatimka mbio. Tulikuta korosho za bibi zimelowa chapachapa.

Lori lilikuwa linakuja kesho yake. Korosho zile ndizo zingempeleka dada sekondari ya Masasi, mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kuchaguliwa. Sanduku lake la bati lilikwisha kununuliwa, na bibi alilipangusa vumbi kila asubuhi.

Jioni jirani yetu akaja kutupa pole.

“Shikamoo mama. Usihangaike. Hizi za maji tuweke chini, zile kavu zilizobaki ndani tuweke juu. Yule mnunuzi anaingiza mkono mpaka kiwiko, basi.”

Bibi aliitikia marahaba. Jirani alipoanza kujaza, alimshikia mdomo wa gunia. Ugali wa muhogo na kisamvu alichopika mwenyewe hakuvigusa.

Kesho yake mnunuzi, kijana mpole, alimwamkia bibi, akazamisha mkono, akatikisa konzi sikioni. Akaridhika. Jirani akanikonyeza. Nami nikamwona dada tayari yuko Masasi na sare yake. Kisha yule kijana akauliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

“Mpaka chini ni hivi hivi, bibi?”

Bibi alimtazama dada kwanza.

“Hapana, mwanangu. Chini zimelowa.”

Jirani akasonya, akajiendea zake. Lori nalo likaondoka bila korosho zetu, mvua zikaharibu barabara, na shule zikafunguliwa bila dada.

Kwetu mtoto hampandishii bibi sauti, lakini siku ile dada alimpandishia. “Mbona Yakobo alibarikiwa?”

“Alibarikiwa,” bibi alijibu, akiendelea kupepeta unga. “Ila mama yake, aliyemvisha zile ngozi, hakumwona tena.”

Mimi nilikuwa upande wa dada. Nilimwona bibi mkaidi tu, na nilimkasirikia mpaka mahindi yakachomoza.

Sasa bibi hayupo, na mikorosho yake mingi imeng'olewa. Yule jirani naye tulikwisha kumzika. Siku hizi ghalani kuna kifaa cha kupima unyevu, kikichomekwa kwenye korosho kinasema chenyewe. Hakimuulizi mtu kitu. Sanduku la bati bado liko chumbani kwa dada, na ndani yake amehifadhi kanga za bibi.

Pale uani nilimuuliza kama alimsamehe bibi. Alirudisha korosho jamvini, akazitandaza kwa kiganja, taratibu.

“Bibi alisema kweli,” alinijibu. “Lakini mimi nilitaka kusoma.”