Nilivyomfichia Tatu Flashi

Kila ninapowasha amplifaya iliyokaa siku nyingi bila kazi, vumbi la ndani huanza kuungua taratibu na kutoa harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Wengine hukimbilia kufungua madirisha. Mimi huyaacha yamefungwa, kwa sababu harufu hiyo kwangu ni harufu ya wivu. Nitawaeleza kwa nini, ila msinihukumu mapema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Shangazi Zuhura, dada yake baba, alikuwa na seti ya muziki pale Kibiti: spika mbili kubwa kama makabati, amplifaya iliyonuka vumbi kila ilipowashwa, mikisa ya kuchanganyia sauti iliyofutika maandishi, na jenereta iliyokohoa kwanza ndipo ikawaka. Alipiga kwenye shughuli za wanawake tu. Mwali anapotolewa, uani huzungushiwa makuti na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia, sembuse kupiga muziki. Basi aliyekaa kwenye mashine alikuwa Shangazi mwenyewe, mpaka macho yake yalipoanza kupungua nguvu, akatangaza kwamba anatafuta msichana wa kumrithisha kazi.

Nikajua ni mimi. Nani mwingine? Nyimbo zote nilizijua. Nilikuwa nimejizoeza kwa kuzungusha vifuniko vya sufuria mezani hadi mama akanifukuza jikoni.

Akamchagua Tatu.

Tatu alikuwa mtoto wa rafiki yake wa Ngarambe, ameletwa Kibiti kusoma, akakaa nasi nyumba moja. Alikuwa na miaka kumi na minne, mpole, mwenye tabia ya kumtazama mtu mpaka amalize kusema. Hakuwa na undugu nasi hata wa kuokoteza. Lakini alimwita Shangazi "Mama", na Shangazi akamwita "mwanangu", na neno hilo liliniwasha kama pilipili jichoni. Bibi alipenda kusema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sikuona nilichopona. Tena jina langu ni Pili! Kwa hesabu yoyote ile, Pili humtangulia Tatu.

Nilimwonea wivu kwa kila kitu: vidole vyake virefu, namna alivyoushusha wimbo mmoja huku akiupandisha mwingine bila mtu kushtuka, hata alivyokunja waya, duara juu ya duara. Usiku nilimwombea apate mafua makali. Asubuhi anaamka mzima, ananisalimia, "Umelalaje, Pili?" Nami najibu, "Salama," meno yameumana.

Ikafika shughuli ya Nyamisati. Tuliondoka na kirikuu alfajiri, sisi na spika tumebanana nyuma. Tatu alikuwa ametumia wiki nzima kupanga nyimbo kwenye flashi, ipi ya kuwapokea wageni, ipi ya kumtoa mwali. Tulipofika, akawa anasaidiana na Shangazi kuunganisha waya, flashi ameiacha mezani. Nikaichukua, nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu. Wallahi sikuwa nimepanga. Mkono ulitangulia, akili ikafuata baadaye.

Saa nne uani pamejaa. Kungwi akatoa ishara kwamba mwali yuko mlangoni. Tatu akapeleka mkono mezani, hakukuta kitu. Akapapasa chini ya mikisa, nyuma ya spika. Hapakuwa na pa kukimbilia, simu ya Shangazi ilikuwa ya tochi, haina wimbo hata mmoja. Wanawake wakaanza kunong'ona. Mama wa mwali akasimama, mkono kiunoni.

"Jamani, huo muziki umekwenda kuchotwa mtoni?"

Watu wakacheka. Mimi moyo ulinidunda kwa furaha, naona haya kusema. Tatu akainua macho, akayapitisha kwa watu mmoja mmoja, yakafika kwangu, yakashuka mpaka kwenye lile fundo la pindo. Yakatua pale. Akajua. Nilingoja anitaje.

Hakunitaja. Alichukua maiki, akaanza kuimba wimbo wa Kindengereko ambao kina mama wa bondeni huimba wakivuna mpunga. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatetemeka. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaitikia. Wakaitikia watano. Mara uani kote kukawa vigelegele na makofi, na mwali akatoka akilia na kucheka kwa pamoja. Mpaka leo Nyamisati wanaisimulia shughuli ile. Nilitaka aaibike, nikampatia sifa.

Tukiwa njiani kurudi, Tatu alininyooshea kiganja. "Lete," akasema taratibu. Nikafungua fundo. Shangazi, aliyekaa mbele na dereva, alipouliza kama flashi imepatikana, Tatu akajibu, "Ilidondoka kwenye waya, Mama."

Wiki mbili baadaye Shangazi akaniita. "Pili, njoo ukae hapa. Leo utaanza wewe." Nilivimba kama andazi. Nikasema moyoni, damu ni damu, ameniona hatimaye. Nikajifunza kazi nikiamini hivyo, nikaringa nayo miaka mingi.

Mwaka jana Shangazi alinikabidhi seti yote, miguu haimbebi tena. Tatu aliolewa zamani, amerudi kwao Ngarambe. Nikamwambia Shangazi kwa majivuno, "Unaona, kumbe damu haipotei." Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Damu gani? Ni Tatu aliyekuombea. Alinijia jioni ile ile ya Nyamisati akaniambia, 'Mama, mfundishe na Pili. Anaitaka kazi hii kuliko mimi, na inamtesa.' Nikamwambia kwamba wewe Pili unatazama taa za mashine, hutazami watu. Akasema, 'Atajifunza.'"

Utotoni nilidhani wivu wangu uliisha siku niliyopewa kiti. Haukuisha, ulihama tu. Vidole vyake sivitamani tena. Nimepata ujuzi wa kunitosha. Namwonea wivu kwa ule moyo: mtoto wa miaka kumi na minne, ameibiwa na mwenzake mchana kweupe, na siku haijaisha amekwenda kumwombea mwizi nafasi.

Juzi binti mmoja wa Mbwara alikuja kuniomba nimfundishe. Ana masikio mazuri kuliko yangu, nilitambua papo hapo. Nikamwambia nitafikiria. Tatu asingefikiria.